Mashahidi wa Nasaba: Jinsi Afrika Mashariki Ilivyohesabu Koo na Wafalme Wake

Orodha ya wafalme huwa na sura ya kazi ya mtu mmoja: jina chini ya jina, mwana chini ya baba, mpaka kwa mwanzilishi aliyeshuka jahazini au kutokea mwituni na mkuki begani. Ukweli ni kwamba nyuma ya kila orodha ya namna hiyo katika Afrika Mashariki walikaa watu wengi: mzee aliyekumbuka, shangazi aliyekanusha, kadhi aliyetaka shahidi wa pili, karani aliyeandika alichosikia na kuruka alichokatazwa. Kila zama ilileta chombo chake cha kuhifadhia nasaba, kuanzia kumbukumbu ya kichwani hadi karatasi, kisha kitabu cha chapa, na leo mti wa ukoo wa pamoja kwenye intaneti na kipimo cha DNA. Kilichodumu muda wote huo ni kikao. Kilichobadilika ni swali ambalo kikao kiliulizwa: nani atawale, nani arithi, nani alipe kodi, nani ni mwenzetu.

Desturi ya kuandika nasaba ilifika pwani yetu ikiwa imekwisha kukomaa kwingine. Mnamo mwaka 641 hivi, Khalifa Umar bin al-Khattab aliamuru liandikwe daftari la kugawa mapato ya dola changa ya Kiislamu, na kazi ya kuyapanga makabila akawapa Wakureshi watatu waliosifika kwa kujua nasaba, mmoja wao Aqil bin Abi Talib. Mgao ulifuata ukaribu na Mtume na kutangulia katika dini, kwa hiyo babu wa mtu aligeuka kuwa kipato. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye Hisham bin al-Kalbi, aliyefariki mwaka 819, alizikusanya nasaba za Waarabu katika kitabu kikubwa kilichotegemewa na waliomfuata. Kisha mwaka 929 Ahmad bin Isa, sherifu wa kizazi cha Imam Hussein, aliuhama mji wa Basra na hatimaye akaweka makao Hadhramaut. Kizazi chake, Baalawi, ndicho kilichokuja kuleta Afrika Mashariki ustadi wa shajara, yaani miti ya nasaba, lakini hilo lilichukua karne nyingi.

Pwani yenyewe ilikuwa na namna yake ya kujieleza. Masimulizi ya Kilwa Kisiwani husema kwamba mfalme wa Shirazi na wanawe sita walipanda merikebu saba, kila moja ikatia nanga mahali pake, na iliyofika Kilwa ikamshusha Ali bin Hassan. Kisiwa alikinunua kwa mwenyeji wake kwa nguo za kutosha kukizunguka. Toleo lililowafikia Wareno huongeza jambo: mama yake Ali alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake waliozaliwa na mama wa Kiajemi walimdharau, ndipo akaamua kuondoka. Simulizi hili limesomwa mara nyingi kama habari ya wageni waliokuja na kutawala. Mimi naliona zaidi kama mapatano ya mji. Ndani yake yumo mgeni, yumo mwenyeji, ipo bei iliyolipwa, yupo mama Mwafrika, na kila ukoo uliolisimulia ulijua nafasi yake imo wapi.

Ali huyo aliishi lini? Toleo la Kiarabu humweka karne ya 10. Mwaka 1965 Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi, alipinga hesabu hiyo akamsogeza mbele hadi mwaka 1200 hivi. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, likafukuliwa fungu la sarafu za fedha zaidi ya 2,000, baadhi zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje ambazo ya mwisho wake ilipigwa mwaka 1066. Ali akarudishwa nyuma hadi karne ya 11, jirani na zama za kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, chenye maandishi ya mwaka 1107. Wasimulizi wa Kilwa walikuwa wamelishika jina kwa usahihi, hata kama miaka iliwateleza.

Mwishoni mwa karne ya 13 utawala wa Kilwa ulipita kwa ukoo mwingine, Mahdali, wenye asili ya Yemeni. Ibn Battuta alifika mjini mwaka 1331 akamkuta Sultani Hassan bin Sulaiman, mashuhuri kwa jina la Abu al-Mawahib, akitenga fungu la ngawira kwa ajili ya masharifu waliomjia kutoka Hijazi na kwingineko. Miaka karibu 700 baada ya daftari la Umar, nasaba ilikuwa bado hati ya malipo. Halafu mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuteka mji, wakaanza kuweka na kuondoa watawala. Ndipo, mnamo mwaka 1520 hivi, mwanachuoni wa Kilwa aliyezaliwa mwaka 1499 alipoandika kwa Kiarabu Kitab al-Sulwa, habari za mji wake na masultani wake. Toleo jingine liliingia katika Décadas da Ásia ya João de Barros, iliyochapwa Lisbon mwaka 1552. Orodha hizo mbili hazilingani kwa majina wala kwa miaka. Nakala ya Kiarabu iliyotufikia ilinakiliwa Unguja, na mwaka 1877 ilipita kutoka kwa Sultani Barghash kwenda kwa John Kirk, balozi wa Uingereza; leo iko London. Liangaliwe jambo moja ambalo tutalikuta tena na tena: wenye ufalme imara waliridhika kuusimulia, na ulipotikisika ndipo wino ulipotafutwa.

Katika karne hizo hizo, kwenye nchi za Maziwa Makuu, nasaba zilihifadhiwa bila herufi hata moja, na ulinzi wake ulikuwa mkali. Muganda alijitambulisha kwa kutaja jina lake, la baba na la babu, kisha tawi na ukoo wake, pamoja na mnyama au mmea ambao ukoo huo umeuharamisha. Mazishi na matanga ya mwisho, yanapomalizika kwa kumvisha mrithi, yalikusanya ukoo mzima mbele ya wazee, na aliyejipachika asipostahili aliumbuka hapo hapo. Kwa mfalme utaratibu uligeuka. Mtoto wa kawaida hufuata ukoo wa baba, lakini wana wa Kabaka kwa desturi walihesabiwa upande wa mama. Kwa hiyo kila ukoo ulikuwa na tumaini la kumzaa mfalme, na kila ukoo ulikuwa na sababu ya kumkumbuka mama wa kila Kabaka aliyepita. Masiro, yaani maziara ya wafalme, yaliwekewa walinzi wa kudumu na taya la marehemu likatunzwa kwa heshima, hivi kwamba orodha ya wafalme ilikuwa pia ramani ya vilima. Rwanda ilikuwa na wajuzi waliokariri ubucurabwenge, nasaba rasmi ya wafalme ambayo ndani yake kila mfalme alitajwa pamoja na mama yake na ukoo wa mama huyo. Lau pwani ingewataja mama zake kwa uangalifu wa Rwanda, tungekuwa na historia nyingine kabisa ya Uswahili.

Nasaba ya kukariri haina tarehe, lakini mara chache mbingu yenyewe iliigongea muhuri. Masimulizi ya Bunyoro na Nkore hukumbuka jeshi la Wanyoro lililokuwa likirudi na ng'ombe wa kuteka, na mchana ukageuka usiku walipofika Biharwe. Wataalamu walipohesabu njia za kivuli cha mwezi, kupatwa kwa jua kulikofaa zaidi ni kule kwa mwaka 1520. Tangu hapo, mfalme mmoja wa Bunyoro alipokwisha kupata tarehe, wenzake wa Nkore na Rwanda wanaotajwa katika tukio hilo nao walifungwa kwenye mwaka huo huo, na kwa muda mrefu wanahistoria waliitundika juu yake hesabu ya eneo zima. Kigingi kilikuwa kimoja na mzigo ulikuwa mkubwa, na wengine wamekwisha kuutilia shaka.

Tukirudi pwani, karne ya 16 na ya 17 ndizo zilizowaleta kwa wingi masharifu wa Hadhramaut. Sheikh Abubakar bin Salim, walii wa Inat aliyefariki mwaka 1584, aliacha kizazi kilichosambaa hadi Pate, Lamu na Ngazija. Hawa walikuwa na utaratibu ambao ungewavutia wanaotafuta nasaba leo. Watoto waliozaliwa Java, India na Uswahilini majina yao yalipelekwa Tarim kwa barua na kwa mahujaji, yakaandikwa katika shajara kuu, na nakala zikarudi na misimu ya pepo. Kazi ya vizazi ilihitimishwa karne ya 19 na mufti wa Tarim, Abdurrahman al-Mashhur, aliyefariki mwaka 1902, katika kitabu chake Shams al-Dhahira. Huo ulikuwa mti wa pamoja uliovuka bahari kabla ya simu ya upepo. Kasoro yake ilikuwa ya makusudi: binti wa kisherifu aliandikwa, lakini akiolewa nje, watoto wake hawakuandikwa, na mama asiyekuwa sherifu aghalabu alipita bila jina.

Pate nayo ilikuwa na Wanabahani, waliojinasibisha na masultani wa jina hilo waliopata kutawala Omani. Habari za Pate humleta mwanzilishi wao mwanzoni mwa karne ya 13, akimwoa binti wa mfalme wa Kiswahili na kurithi enzi kwa njia ya mkewe. Chittick alipoyapima masimulizi hayo mwaka 1969 alikuta karne za mwanzo zimevimbishwa, na utukufu wa mji ulianza baadaye sana. Hata hivyo ndoa ile ya mwanzo ina uzito wake: kama Kilwa, Pate ilikiri kwamba mgeni hakutawala mpaka alipopokewa na ukoo wa mji.

Karne ya 18 Milima ya Usambara ilizaa ufalme wake. Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya kuota meno ya juu kwanza, aliwagawia Washambaa nyama za nguruwe aliowaua, akaua simba, akaozwa wake katika vijiji mbalimbali, na mwisho akawa mfalme huko Vugha. Kizazi chake, Wakilindi, kilitawala kwa kuwaweka wana wa mfalme katika nchi za mama zao, na hapo pia ujomba ulikuwa siasa. Johann Ludwig Krapf alipofika mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akiwa katika kilele cha enzi. Kimweri alipofariki, katika miaka ya 1860, wanawe na wajukuu waligeukiana, bunduki na biashara ya watumwa vikaingia kati, na ufalme ukapasuka.

Unguja wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa mji mkuu wa Busaidi, nasaba iliyoanza kutawala Omani katikati ya karne ya 18 chini ya Imam Ahmad bin Said. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia mwaka 1806, alifariki baharini mwaka 1856. Binti yake Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, akaeleza kwamba baba yao aliacha watoto 36 walio hai. Kitabu hicho ni hazina kwa mtafuta nasaba, kwa sababu Salme aliwataja ndugu zake kupitia mama zao: Wacherkesi kama mama yake mwenyewe, Wahabeshi, na wengineo. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, alichapisha mwaka 1929 kitabu juu ya babu yake. Mlango wa Ujerumani ukaunganishwa tena na shina la Unguja kwa kalamu ya mjukuu. Kando ya hao, watawala wenyeji wa kale walizimika kimya kimya: Mwinyi Mkuu wa mwisho wa Unguja, Ahmed, alifariki mwaka 1873, na enzi yao, ambayo ilikuwa na mizizi kisiwani kabla ya Busaidi, haikupata mrithi.

Msomaji aizingatie pia hesabu ya masultani wa Busaidi. Majid, Barghash, Khalifa na Ali walifuatana kati ya mwaka 1856 na 1893, na wote wanne walikuwa wana wa Sayyid Said. Watawala wanne, kizazi kimoja. Mtu wa karne zijazo akiikuta orodha hiyo bila maelezo, akadhani kila jina ni mwana wa jina lililotangulia, na akahesabu vizazi vitatu kwa kila miaka 100 kama ilivyozoeleka, ataiongeza historia ya Unguja kwa karne nzima. Ndilo kosa lililofanywa mara nyingi kwa falme ambazo hatuna barua zake.

Na wako ambao zama hizo hizo ziliwakata nasaba. Maelfu waliotolewa pande za Ziwa Nyasa, Uyao na Manyema walifika Kilwa na Unguja wakapewa majina mapya, ya siku, ya bahati, ya mapambo. Kumbukumbu nyingi zilizobaki juu yao ziliandikwa na waliowamiliki au waliowaweka huru: mwaka 1860 na 1861 balozi Rigby aliwaandikia uhuru watumwa zaidi ya 3,000 waliokuwa mikononi mwa Wahindi raia wa Uingereza, amri ya Unguja ya mwaka 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai hati, na masuria hawakuingizwa mpaka mwaka 1909. Katika karatasi hizo jina la bwana lipo na la baba halipo. Methali yetu husema mwacha asili ni mtumwa. Imemlaumu asiyestahili, maana hawa hawakuiacha asili, walinyang'anywa. Sheria ya Kiislamu ilimtambua mtoto wa suria kuwa huru na wa baba yake, na hivyo vizazi vya wanawake hao vimo katika shajara kubwa kubwa za pwani, mama zao wakiwa wamefutwa. Kwa maoni yangu hakuna pengo kubwa kuliko hili katika nasaba zetu, na mfalme yeyote aliyepotea katika orodha ya Kilwa au Pate ni hasara ndogo akilinganishwa nalo.

Ukoloni ulipokaza kamba, wino ulimwagika. Huko Magila wamisionari walichapa kwa sehemu Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi, ya mwisho ikitoka mwaka 1907. Mwandishi huyu alikuwa karibu na watawala wa Usambara, akasikiliza matawi yaliyohasimiana na kuyaandika kwa Kiswahili cha kupendeza, akiacha migongano mingine ionekane ilivyo. Kampala, Katikiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kagwa alitoa mwaka 1901 kitabu cha wafalme wa Buganda, akafuatisha kingine cha koo, baada ya kuwahoji wazee wa koo na walinzi wa masiro. Hakuna aliyeendesha utafiti wa nasaba wa pamoja kwa upana kama wake katika zama zile, na hakuna aliyekuwa na maslahi makubwa kama yake, maana ardhi ya Buganda ilikuwa imegawanywa upya kwa Mkataba wa 1900 na kila ukoo ulidai viunga vyake. Muhammad bin Fumo Umar, maarufu kama Bwana Kitini, aliwasimulia maofisa wa Kiingereza habari za Wanabahani wenzake, zikachapwa kati ya mwaka 1913 na 1915. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliandika kwa Kiarabu historia ya Mazrui waliotawala mji huo hadi mwaka 1837. Alexis Kagame alipeleka nasaba ya wafalme wa Rwanda katika chapa mwaka 1943. Wote hao waliandika enzi ikiwa imekwisha kupokwa au iko njiani kupokwa. Kitabu kilinyamazisha matoleo mengine: mzee aliyekuwa na orodha tofauti alianza kuambiwa kwamba amekosea, kwa kuwa haimo kitabuni.

Serikali za kikoloni zilikuwa na shauku yao ya nasaba. Sheria ziliwatenga wenyeji na wasio wenyeji, na tofauti hiyo iligusa kodi, mahakama, ardhi na shule. Watu wa Thenashara Taifa, koo kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, walijikuta wakilazimika kuthibitisha babu zao ofisini. Zanzibar, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hata mgao wa chakula ulifuata mafungu ya asili. Si ajabu kwamba katika nusu karne watu wale wale waliitwa, na walijiita, majina tofauti katika sensa. Jina la Shirazi, lililokuwa simulizi la wafalme wa karne ya 11, liliingia katika jina la chama mwaka 1957 pale Afro-Shirazi Party ilipoundwa, na tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakamfanya Sultani Jamshid aondoke Unguja. Hadithi ya merikebu saba ilikuwa imesafiri mbali.

Miaka ya 1960 ilifunga mlango wa enzi karibu kila mahali. Rwanda iliufuta ufalme mwaka 1961, Tanganyika ikaondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, Burundi ikafuata mwaka 1966 na Uganda mwaka 1967. Na ni hapo hapo, orodha zilipokuwa hazimwinui tena mtu yeyote kitini, wanahistoria walipopata ujasiri wa kuzichambua. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1961, aliweka kanuni za kuyapima masimulizi: nani anasimulia, mbele ya nani, kwa faida gani. Steven Feierman alipokuwa Usambara alilinganisha habari za Wakilindi na zile za koo za raia, na kitabu chake cha mwaka 1974 kikaonyesha kwamba masimulizi ya Mbegha yana maana hata pale yasipokuwa tarehe. Mwaka huo huo David Henige alionya kwamba orodha za wafalme hurefuka zikikutana na maandishi. Mfano wake mzuri ni Buganda: msafiri Speke mwaka 1862 alipewa majina machache, Stanley mwaka 1875 akapewa zaidi ya 30. Huenda Kabaka Mutesa alijifunza haraka kwamba wageni hawa hupima ukubwa wa taifa kwa urefu wa orodha.

Wakati wanachuo wakipunguza, watu wa kawaida waliongeza. Riwaya ya Roots ya Alex Haley, ya mwaka 1976, iliyofika hadi kijiji cha Juffure nchini Gambia, iliwasha kiu ya Wamarekani weusi kutafuta babu zao, ingawa mwaka 1981 Donald Wright alionyesha kwamba msimulizi wa Juffure hakuwa shahidi wa kutegemewa kwa jambo hilo. Jumuiya ya nasaba iliyoanzishwa na Wamormoni huko Utah mwaka 1894 ilikuwa imekwisha kupiga picha madaftari ya nchi nyingi, na baadaye iliwatuma watu kurekodi nasaba za kukariri barani Afrika, Afrika Mashariki ikiwemo. Mwaka 2007 ilikuja tovuti ya Geni, mwaka 2008 WikiTree, na dhana ya mti mmoja wa dunia unaohaririwa na wote. Mwenye jamaa London, Maskati na Toronto sasa anaweza kusahihishwa na binamu asiyemjua.

Mti huo huvutia wafalme. Wazazi wawili, mababu wanne, na ukienda vizazi 10 nyuma nafasi ni 1,024. Vizazi 20, takribani miaka 600, nafasi ni 1,048,576. Watu wa mwambao hawakuwa wengi kiasi hicho, kwa hiyo majina hujirudia, na kila mmoja wetu ana njia nyingi za kumfikia mtu yule yule. Kuwa na damu ya sultani wa kale si ajabu hata kidogo. Kinachoadimika ni ushahidi wa njia moja iliyo wazi, jina kwa jina, na hapo ndipo wengi huruka vizazi vitatu au vinne kwa kumwiga mtu mwingine aliyeruka.

Mwaka 2023 shahidi mpya alizungumza. Timu ya watafiti, akiwemo Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia kutoka Kenya, ilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya DNA ya watu 80, wengi wao waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji kama Mtwapa, Manda, Songo Mnara na Kilwa. Kwa wengi, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na ilipitia hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Kiajemi, na kuchanganyika kulianza mnamo mwaka 1000 hivi. Baada ya mwaka 1500 asili ya Kiarabu iliongezeka. Mwajemi wa masimulizi alikuwepo, na mama Mwafrika aliyetajwa mara moja tu katika toleo la Barros alikuwepo pia, kwa wingi kuliko wasimulizi walivyokubali. Lakini waliopimwa walizikwa zaidi katika makaburi ya wenye nafasi, na mifupa haisemi nani alimpenda nani, nani alinunuliwa. Aliye hai naye ajue anatoa nini anapotema mate kwenye kichupa: mwezi Machi 2025 kampuni ya 23andMe ya Marekani, yenye wateja wapatao milioni 15, iliomba kinga ya kufilisika, na data yao ikawa mali ya kujadiliwa mahakamani.

Wafalme wenyewe wamerudi kwa namna fulani. Uganda ilirejesha falme mwaka 1993, na Ronald Muwenda Mutebi wa Pili huhesabiwa Kabaka wa 36, kwa orodha iliyosimamishwa na Kagwa. Masiro ya Kasubi yalipoungua Machi 2010, kilichowezesha kujengwa upya ni koo zenye wajibu wake wa urithi, kama ukoo wa Ngeye wenye kazi ya kuezeka; mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Usambara, Pate na Kilwa hazina kiti cha kugombea. Zina familia, zenye shajara zilizoviringishwa masandukuni na makundi ya simu ambamo majina hutumwa usiku kucha bila kuulizwa nani kayasema.

Basi, wewe unayeanza kazi hii, andika kila jina pamoja na aliyekutajia, mahali alipokutajia na mwaka. Ukipewa matoleo mawili, yaweke yote mawili. Muulize kila mzee jina la mama yake, na la mama wa mama yake, kabla hujamuuliza juu ya mfalme. Ukimkuta suria au mtumwa katika ukoo wako, mpe mstari wake kama wengine, hata kama ni jina moja tu, na mbele yake uache nafasi wazi kwa atakayekuja na habari zaidi.